Kanda Mia na Hamsini na Sita za Mikeka

Jumatatu, 3 Machi

Leo nyota yangu imeng'aa. Naandika kwa wino wa bluu, ule wa siku kubwa.

Mkuu wa maktaba katuita ofisini kwake, mimi na Bi Nukta. Bi Nukta ni jirani yangu wa meza kule chumba cha chini, mwaka wa tisa sasa. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu hawezi kukutana na sentensi isiyo na nukta mwishoni akaiacha ikapita salama. Yeye huniita "ndugu yangu", kwa sauti ya mtu anayesema "jino langu linauma".

Mkuu akasema kuna kanda za sauti mia tatu na kumi na mbili. Zilirekodiwa miaka arobaini iliyopita na fundi mmoja wa redio, aliyekuwa akizunguka na mashine yake begani na kumrekodi yeyote aliyekubali kusema. Fundi ameshafariki. Kanda zote zimeingizwa kwenye kompyuta, ila hakuna ajuaye ndani mna nini. Kanda ya 1, Kanda ya 2, Kanda ya 3, basi. Kazi yetu ni kuziwekea metadata. Yaani kila kanda tuijazie maelezo: nani anasema, anasema nini, lini, wapi, kwa lugha gani. Bila hayo, alisema Mkuu, sauti ya mtu ni kama kaburi lisilo na jina. Nilitikisa kichwa kwa huzuni, ingawa nilikuwa natazama dirisha.

Dirisha! Atakayefanya vizuri atakuwa Msimamizi wa Maktaba ya Kidijitali na atapewa chumba cha juu, chenye dirisha. Miaka tisa nimetazama bomba la maji machafu.

Kanda ya 1 mpaka ya 156 ni zangu. Zilizobaki ni za Bi Nukta. Tumepewa miezi miwili.

Nyumbani nikamweleza mke wangu, pamoja na mama yake tunayeishi naye. Mama mkwe akauliza kama metadata inaambukiza.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza Kanda ya 1. Mzee mmoja anaeleza kusuka mikeka. Kuchana ukindu kuwa chane, kusuka chane kuwa ukili, chane tena. Sauti polepole, kama bomba linalovuja. Dakika ya kumi na moja nikafumba macho ili nisikilize vizuri zaidi. Nilipofumbua, kanda imekwisha na shavu langu limepigwa chapa ya vitufe vya kompyuta.

Nikapiga hesabu. Kanda moja karibu saa nzima. Zangu mia na hamsini na sita. Mwezi mzima wa kuwasikiliza watu tusiojuana! Hapana. Akili ni nywele, na zangu leo zilikuwa zimechanwa vizuri.

Kwenye jedwali kila kisanduku kina kona yake ndogo. Ukiishika kwa kipanya ukaivuta chini, kilichoandikwa juu kinajinakili chini yake. Nikaishika. Nikavuta. Msemaji: mzee, msusi wa mikeka. Mada: mikeka. Muhtasari: mzee anaeleza ususi wa mikeka kwa ufasaha mkubwa. Mara mia na hamsini na sita! Nilimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Bi Nukta yuko na kanda yake ya kwanza. Hedifoni masikioni, mara anacheka peke yake, mara anafuta machozi. Maskini. Kazi imemshinda.

Jumatano, 5 Machi

Sifa! Mkuu kanisimamisha mbele ya wafanyakazi wote, hadi walinzi na wafagiaji. Akasema huu ndio mfano wa kasi. Maelezo yangu yote yameshawekwa kwenye tovuti, dunia nzima iyaone. Wakapiga makofi.

Bi Nukta hakupiga. Aliuliza kwa upole inakuwaje Kanda ya 1 na Kanda ya 156 zina msemaji yuleyule. Nikamjibu kwamba mzee alikuwa na mengi moyoni.

Wivu huo.

Ijumaa, 7 Machi

Kimenuka.

Imekuja barua pepe kutoka kwa mtafiti wa mikeka. Kumbe wapo! Kaifanya kazi hiyo miaka thelathini. Anaandika kwamba alipokuta kwenye tovuti yetu kanda mia na hamsini na sita za msusi mmoja, ilibidi akae chini. Haijapata kutokea popote, anasema. Anakuja Alhamisi ijayo kuzisikiliza.

Mkuu ameagiza bango. Herufi kubwa: HAZINA YA MIKEKA. Kanipiga bega mara tatu. Kila pigo lilinishusha kidogo kuelekea ardhini.

Sikula chakula cha mchana. Mlinzi wa mlangoni aliniuliza kama nimefiwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata wazo. Sitafuta neno "mikeka". Nitalitafutia sababu.

Mpango ni huu. Nafungua kila kanda dakika mbili tu, nijue ni nani anayesema, kisha namkalisha kwenye mkeka. Tuseme fundi saa (aliyeketi juu ya mkeka). Muuza maziwa (mwenye mkeka nyumbani). Mtafiti akija atakuta mikeka imetajwa kila mahali na hatapata pa kunishika.

Nimeanza hapahapa sebuleni. Kanda ya 2, opareta wa simu. Kwa miaka ishirini alikuwa akichomeka waya ili watu waongee. Anasimulia habari za wateja wawili waliopigiana kila Jumamosi saa tatu asubuhi na hawakuwahi kusema neno. Walikuwa wakipumua tu. Dakika tano, kisha wanakata. Siku moja upande mmoja haukuitika, wala wiki iliyofuata. Yule wa pili aliendelea kupiga, na opareta, kwa kumwonea huruma, akawa anaingia yeye kwenye laini na kupumua.

Dakika mbili zilipita zamani. Nilijikuta nimeshika hedifoni kwa mikono miwili kama mtu anayebeba maji.

Kanda ya 9, mtu anaiga sauti za ndege. Ndege arobaini na mmoja, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anamtaja jina. Akifika wa thelathini anasema, "Huyu hayupo tena, kwa hiyo nyamaza umsikie." Kisha anaiga.

Mke wangu akaingia na nguo za kupiga pasi, akaniuliza ninalia nini. Nikamwambia vumbi.

Sikumkalisha kwenye mkeka mtu wa ndege. Sikujua nimkalishe wapi.

Jumapili, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mchana nilikuwa na Kanda ya 61. Hedifoni imeharibika upande mmoja, nikaamua kufungulia sauti chumba kizima. Mama mkwe alikuwa hapo mkekani (mkeka wa kweli huo, sikuutia mimi) akichagua maharage kwenye ungo. Analalamika kuhusu bei ya sabuni, kuhusu magoti yake, kuhusu mimi.

Anayesema kwenye kanda ni mkunga, mwanamke mzee. Fundi wa redio anamuuliza amezalisha watoto wangapi. Anajibu kwamba hajui kuandika, lakini anao wote kichwani. Kisha anaanza kuwataja. Mmoja mmoja! Huyu alizaliwa siku ya mvua ya mawe. Huyu pacha, mwenzake hakukaa. Huyu baba yake alikimbia kuita watu akasahau kurudi. Anakwenda hivyo bila kupumzika, kama mtu anayepita nyumba hadi nyumba kusalimia.

Mama mkwe akaacha sabuni. Akaacha magoti.

Mkunga akasema: "Halafu wa fundi viatu, yule wa nyumba ya kona. Alhamisi, siku mbili baada ya daraja kubomoka. Alitanguliza miguu. Hakulia huyo. Alipiga chafya! Nikamwambia mama yake, huyu atakuwa mbishi."

Ungo ulianguka. Maharage sakafu nzima.

"Rudisha," akasema mama mkwe.

Nikarudisha. Mara tatu nikarudisha. Baba yake alikuwa fundi viatu. Nyumba ya kona. Habari ya miguu na ya chafya alisimuliwa na mama yake tangu utoto, na alidhani ni za kumchekesha tu. Mama mkwe hana siku ya kuzaliwa. Kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Januari 1955, kwa kuwa karani hakuruhusiwa kuacha nafasi wazi. Maisha yake yote amesema, "Mimi nilizaliwa fomu ilipojazwa."

Mke wangu akauliza daraja lilibomoka lini. Hakuna aliyejua.

Nikafungua tovuti ya maktaba. Nikaandika "daraja" kwenye nafasi ya kutafutia. Likatoka jibu moja, la Bi Nukta, Kanda ya 171: "Mlinzi wa daraja aeleza jinsi lilivyobomoka kwa mafuriko, Jumanne, 14 Aprili 1953. Sikiliza kuanzia dakika ya 22."

Nukta mwishoni. Sijawahi kuona nukta nzuri kama ile.

Jumanne tarehe kumi na nne. Siku mbili baadaye, Alhamisi, tarehe kumi na sita. Nilimtamkia mama mkwe polepole: Alhamisi, tarehe kumi na sita Aprili, elfu moja mia tisa hamsini na tatu. Watu wawili waliokwisha kufa, ambao pengine hawakujuana, wamekutana sebuleni kwetu na kumpa siku yake. Ajabu ya Mungu!

Mama mkwe, mtu anayeongea hata usingizini, aliirudia tarehe hiyo kwa kunong'ona. Baadaye akasema, "Kumbe kuna mtu alikuwa ananikumbuka." Kisha akagundua kwamba amezeeka karibu miaka miwili kwa mkupuo mmoja, akanilaumu.

Akataka aone jina la mkunga limeandikwa wapi. Ilibidi nimwonyeshe. Alisogeza uso kwenye kioo cha kompyuta, akasoma kwa kidole: Msemaji, mzee, msusi wa mikeka.

Akanigeukia. "Mkwe wangu. Huyu ni msusi wa mikeka?"

Niliinama kuokota maharage.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemweleza Bi Nukta kila kitu. Nilitegemea atacheka, au atapanda ngazi moja kwa moja kwa Mkuu. Alinisikiliza huku akifuta miwani. Kisha akauliza swali moja tu: kama mama alifurahi.

Nikasema alifurahi, kwa namna yake ya kugomba.

"Basi ndugu yangu, vuta kiti," akasema. "Tuanze na ya pili."

Kanifundisha. Usiandike "mwanamke mmoja". Msikilize, atajitaja mwenyewe, watu hujitaja. Usiandike "zamani", tafuta mafuriko, kimbunga, harusi ya mkubwa fulani, kitu chenye tarehe. Kanda moja itakutajia nani, nyingine itakutajia wapi, nawe uziunganishe zitazamane. Usichokijua, sema hukijui. Alinionyesha kanda yake moja ya mwanamke anayeimba kwa lugha ambayo jengo zima hakuna aielewaye. Ameandika: "Lugha haijatambuliwa. Anaimba kama anayembembeleza mtoto." Ameshaiulizia kwa watu wanne nje ya maktaba.

Akasema nimweleze Mkuu kabla ya Alhamisi. Nikaahidi.

Jumatano, 12 Machi

Kanda ishirini na moja, za haki kabisa. Nimesikia fundi saa aliyekataa kuitengeneza saa ya mjane kwa sababu ilisimama dakika ileile aliyofariki mumewe. Nimesikia watoto wa shule wakihesabu hadi mia, na mmoja wao kila mara anasahau sitini na saba, na darasa zima linamsubiri. Natembea barabarani nikiwaangalia watu na kuwaza: huyu naye, ni kanda nzima.

Kuhusu Mkuu: nimemwandikia barua ya kukiri. Imekamilika, ina nukta zote. Nimeiweka kwenye trei yake.

Chini ya karatasi nyingine. Chini kabisa. Lakini imo.

Alhamisi, 13 Machi

Mtafiti amekuja. Mama mfupi, miwani minene, mkoba mkubwa kumzidi. Mkuu alitoa hotuba chini ya bango. Hakuwa amefika chini ya trei.

Mgeni akaomba asikilize kanda yoyote. Akataja namba, kwa bahati mbaya: tisa.

Chumba kizima kikajaa ndege.

Mkuu akanitazama. Ningeweza kusema kweli hapo. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukieleza kwamba hao ni ndege wanaosukwa kwenye nakshi za mikeka, na kwamba mzee, kwa ufasaha wake mkubwa, anaonyesha wanavyolia. Bi Nukta alifumba macho. Ndege walifika wa thelathini. "Huyu hayupo tena," kanda ikasema, na mtafiti akainua mkono tunyamaze. Alisikiliza mpaka wa arobaini na moja.

Kisha akasema, bila hasira, "Mwanangu, hakuna mikeka hapa. Ila asante kwa huyo ndege. Mikeka ni mingapi kwa kweli?"

Nikasema moja. Ya kwanza.

Mkuu alikaa juu ya kiti ambacho hakikuwepo. Tukamwinua.

Mtafiti akaomba hiyo moja. Akavaa hedifoni, akatoa daftari. Sisi tumesimama ukutani kama watu wanaosubiri daktari atoke. Alitikisa kichwa, aliandika, alitabasamu. Dakika ya thelathini na tisa kalamu ikamdondoka. Alitoa hedifoni, akafungulia sauti wote tusikie. Mzee anasema kuna nakshi moja ya zamani, mistari miwili inayokwepana, ambayo huwekwa upande wa kichwa tu. Anasema jina lake ni Usiniamshe.

Miaka thelathini, mtafiti alisema, ameiona nakshi hiyo kwenye mikeka chakavu na kuuliza kila msusi. Wote wanaijua kwa mikono. Jina lilikuwa limepotea. Alilia waziwazi, akicheka. "Moja inatosha," akawa anasema. "Moja inatosha kabisa."

Jina hilo lilipita karibu na sikio langu wiki iliyopita, mimi nimelalia kibodi.

Ijumaa, 14 Machi

Bi Nukta ndiye Msimamizi wa Maktaba ya Kidijitali. Chumba cha juu ni chake. Mimi nimepewa barua ya onyo na kanda zangu zote, nianze upya, chini ya usimamizi wake. Mkuu anasema angenifukuza kama si mtafiti, aliyeomba nisiguswe kwa sababu kosa langu ndilo lililomleta.

Bi Nukta kanikaribisha ofisini kwake nikaone dirisha. Linatazama ukuta. Lakini ukuta una jua, na paka. Nilimpongeza na nilimaanisha. Akasema, "Asante, ndugu yangu." Safari hii jino halikuuma.

Mama mkwe amekwenda kubadilisha kitambulisho. Amebeba nakala ya sauti ya mkunga na ya mlinzi wa daraja, na karani amesikilizishwa yote, kuanzia mvua ya mawe. Foleni nzima ilisikiliza, wanasema. Hakuna aliyenung'unika.

Naapa mbele ya daftari hili: nimejirekebisha. Kanda moja baada ya nyingine. Nitasikiliza mpaka mwisho. Sauti ya mtu ni amana.

Jumatano, 26 Machi

Habari za mama mkwe zimesambaa. Wazee wasiojua siku zao za kuzaliwa ni wengi kuliko nilivyodhani, na wote wameniulizia mimi. Mimi! Leo walikuwa kumi na wanane kwenye ngazi za maktaba, wamevaa vizuri, vitambulisho mkononi. Wanasubiri nifungue kanda nizitoe siku zao humo. Mmoja alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Baba, hata mwezi tu utanitosha." Kazi gani nyingine duniani hii?

Bi Nukta yuko kwenye mkutano mpaka Ijumaa. Kabla ya kuondoka alisisitiza kwamba nichukue majina tu, tusikilize kanda zote kwanza, na yule asiyepatikana tumwambie ukweli kwamba hatujampata.

Bila shaka. Ila kanda zilizobaki ni nyingi, na wazee wanasimama juani. Nikafikiri. Mkunga alitaja watoto kwa mamia. Nani atasema huyu hayumo? Nimetengeneza fomu safi, ina mhuri wa maktaba na nafasi ya tarehe. Badala ya kumtafutia mtu siku, saa nzima kwa kila kanda, nimeona ni heshima zaidi kumuuliza mwenyewe angependa ipi.

Wameipokea kwa shangwe. Sita wamechukua Ijumaa. Mzee mmoja amechukua tarehe ishirini na tisa Februari, apumzike na sherehe. Bibi wa mwisho ameomba azaliwe mwaka mmoja baada ya mdogo wake, aliyekuja naye. Nimeikagua fomu juu hadi chini. Hakuna mahali inapokataza.

Nimegonga mhuri.